Gemu zenye grafiki kali hazidumu kwenye simu yangu, zinazodumu ni zile za kawaida tu. Tujadili

MzeeWaMraba (mleta uzi)

Wakuu, salaam kwenu. Uzi huu ni wa wenzangu na mie tunaocheza gemu za kuzugia muda: uko kwenye foleni ya benki, uko kwenye daladala, au unasubiri maharage yaive. Wenye kompyuta za kuwakawaka taa na viti vya marubani mnakaribishwa pia, ila matusi hapana.

Hoja yangu ni hii. Kila nikipata bando la maana napakua gemu moja inayosifiwa, jibi mbili au tatu. Unaona jasho kwenye paji la uso la mchezaji, nyasi zinapepea, kivuli kinafuata jua. Siku ya kwanza namwita mpaka jirani aje ashuhudie. Haipiti muda naifuta nipate nafasi ya kuweka video za harusi. Dream League ya mpira ipo palepale, drafti ipo, na ile ya kupanga matofali nimehama nayo tangu simu iliyopita. Hizi hakuna anayeitwa kuja kuziangalia, na hakuna anayezifuta.

Na hili halikuanza kwangu. Tetris, hiyo hiyo ya kupanga matofali, ilitengenezwa Moscow mwaka 1984 na Alexey Pajitnov, kwenye kompyuta ya Kisovyeti iitwayo Elektronika 60. Mashine ile haikujua kuchora picha kabisa, ilikuwa inaonyesha herufi na alama basi, kwa hiyo matofali aliyaunda kwa mabano ya kwenye kibodi. Mabano! Leo hii watu bado wanashindana kwenye gemu hiyo.

Halafu mwaka 1989 Nintendo wakatoa Game Boy. Kioo chake nukta 160 kwa 144, rangi yenyewe ni ukijani wa namna nne tofauti, taa ya ndani hakuna, usiku unacheza chini ya balbu. Mwaka huohuo Atari wakatoa Lynx yenye rangi na taa. Mwaka uliofuata Sega nao wakaja na Game Gear, rangi tupu. Ukiziweka mezani pamoja, Game Boy inatia huruma. Lakini zile za rangi zilikuwa zinakula betri sita kwa saa chache tu, wakati Game Boy ilikuwa na betri nne na unazunguka nazo siku kadhaa. Mbele ya kaunta wengi walichukua ile yenye kutia huruma: Game Boy na mdogo wake wa rangi aliyekuja baadaye ziliuzwa zaidi ya milioni 118. Mhandisi wake Gunpei Yokoi aliamini kutumia vifaa vilivyokwishazoeleka na kushuka bei, akili ukaiweka kwenye namna ya kuvitumia.

Kwa hiyo mimi nasema grafiki inamvuta mtu apakue, utamu ndio unamzuia asifute. Anayepinga aje na mfano, asije na bei ya mashine yake.

Chogo29

Mkuu umegusa penyewe. Mimi nina kibanda cha gemu, na kwenye biashara hii mteja haongei kwa maneno, anaongea kwa jero.

Nina PS2 zangu kwenye TV za chogo, zile nene za zamani. PS2 imetoka mwaka 2000, ziliuzwa zaidi ya milioni 155 duniani, na nahisi nusu yake ziko mtaani kwetu. Vijana wanacheza ile mpira ya Konami ya zamani, na sheria zimeandikwa ukutani kwa maka: mechi dakika tano, mshindi anakaa, na Inter marufuku mpaka wote wawili wachukue Inter. Sababu ya Inter mnaijua, mshambuliaji wao Adriano. Ukimwacha apige kwa mguu wa kushoto nje ya kumi na nane, kipa anatazama tu.

Baadaye nikaongeza mashine moja mpya yenye mpira wa kisasa. Watu walijaa. Walijaa kutazama. Jamaa mmoja alikaa nyuma ya benchi anawataja wachezaji kwa sura tu, "huyu mpaka ndevu ni zake". Lakini kwenye kulipia, yule mwenye pesa ya mechi mbili anarudi kwenye chogo. Nikamuuliza mmoja kwa nini. Akanijibu kwamba kule kwenye mpya kabla mpira haujaanza kuna wachezaji wanatoka kwenye korido, kuna kocha anafunga koti, kuna mashabiki wanapunga mikono, na mpinzani wake ana tabia ya kuacha marudio ya goli yacheze mpaka mwisho. Amelipia mechi, hajalipia kutazama koti.

Sisemi mpya haina wateja. Ina wateja wake, wengi wana mashine nyumbani na wanakuja kutafuta mtu wa kucheza naye. Ila yule wa kupita njia, aliyetumwa nyanya akaona achepuke kidogo, huyo ni wa chogo. Anashika pedi na ndani ya sekunde kumi anajua afanye nini, mraba unapiga, pembetatu unapenyeza, R1 unakimbia.

Msee_wa_Rongai

Niaje wakuu. Nimesoma nikacheka. Hii yote ni hadithi ya sungura na ndizi, sizitaki mbichi hizi. Mtu simu yake haiwezi kubeba gemu kubwa, anakuja hapa kutuhubiria kwamba ndogo ni tamu zaidi.

Niambieni, GTA San Andreas mlipoicheza mara ya kwanza mlikuwa mnafanya misheni? Wasee walikuwa wanaendesha gari kutoka mji mmoja mpaka mwingine kuangalia jua likitua nyuma ya mlima, na hiyo ilikuwa 2004. Red Dead Redemption 2 ya 2018, unapanda farasi kwenye theluji, anaacha nyayo, pumzi yake inatoa moshi. Ukitoa hayo maonyesho unabaki na nini? Unabaki na safari ndefu ya farasi. Picha ndiyo gemu pale.

Na nyinyi watu wa mpira ndio mabingwa wa unafiki. Tarehe 30 Septemba 2021 Konami waliachilia gemu yao ya mpira, eFootball 2022, na zile sura. Messi kama amepigwa na umeme, mashabiki kwenye viti kama vibao vya mbao. Dunia nzima ilicheka, Konami wenyewe wakaomba radhi hadharani. Kama grafiki si kitu, mlikuwa mnacheka nini?

MzeeWaMraba

@Msee_wa_Rongai tulicheka sura, lakini hatukuondoka kwa sababu ya sura. Ulicheza wewe ile siku ya kwanza? Mabeki walikuwa wanamwangalia mtu anapita kama wanasindikiza mgeni, pasi ya mita tano inachukua muda kufika, timu za kuchagua zenyewe za kuhesabu. Ingekuwa mpira unatembea vizuri, zile sura tungezigeuza stika za WhatsApp maisha yakaendelea. Na kumbuka walihamia injini mpya, yaani programu inayoendesha gemu, kwa lengo la kupendezesha picha. Wamefuata picha, wakakosa vyote viwili.

San Andreas nakukubalia nusu. Ile mandhari ilikuwa tamu kwa sababu unaweza kwenda. Ungewekewa mlima uleule kama pazia, usingeendesha.

MdauMpya_07

Samahani natoka nje ya mada, kuna mtu ana pedi ya PS2 orijino isiyolegea? Hizi za sasa ukipiga kona mpira unatoka nje unakuwa wa kurusha.

Chogo29

@MdauMpya_07 hakuna. Mwenye nayo hauzi.

FundiPikseli

Naona mnapigana lakini kila mmoja anazungumzia kitu chake na wote mnakiita grafiki.

Kuna wingi wa picha: nukta ngapi, vivuli vingapi, jasho kwenye paji la uso. Kuna mtindo, yaani mchoraji aliamua dunia yake ifananeje. Limbo ya 2010 ni nyeusi na kijivu mwanzo mwisho na bado inakusisimua mwili. Minecraft ni masanduku matupu, na mwaka 2023 ilitangazwa kuwa imepita nakala milioni 300. Huwezi kusema Minecraft haina grafiki. Ina grafiki yake, na ukipitia watu mia ukawaonyesha kipande kidogo cha picha wengi wanaitambua.

Halafu kuna kusomeka, na hapa ndipo wachezaji wa kuzugia wanapoishi hata kama hawajui. Mtu anacheza kwenye kioo cha inchi sita, kimepasuka kona, jua la saa saba, gari linaruka tuta. Gemu yenye ukungu, vumbi na miale ya jua kwenye lenzi haonekani nani ni nani. Dream League imekaa vile ilivyo kwa sababu hiyo: jezi zinatofautiana wazi, mpira unaonekana, duara chini ya mchezaji wako linaonekana. Nyoka wa Nokia 6110 mwaka 1997 alichorwa kwenye kioo cha nukta 84 kwa 48, nyeusi na kijani, na hakuna mtu aliyewahi kufa kwa sababu hakuona alipo. Alikufa kwa tamaa yake. Ndiyo maana hata alipohamia Nokia ya tochi mwaka 2003 bado tulikuwa tunanyang'anyana simu ya baba.

La mwisho ni mwitikio, kidole kikibonyeza picha ijibu lini. Gemu ikienda fremu 30 kwa sekunde, kila picha inakaa kama milisekunde 33. Ikienda 60, ni kama 17. Kwa maneno unaweza usione tofauti, kidole kinaijua. Sasa ukiongeza vivuli na nyasi kwenye simu ya kawaida, fremu zinashuka. Simu ikipata moto inajipunguza nguvu yenyewe isiungue, fremu zinashuka tena. Hapo ndipo grafiki inakula utamu moja kwa moja, na haina uhusiano na ladha ya mtu.

@Chogo29 umewahi kusikia wateja wakisema PS2 ukiichomeka kwenye TV bapa inakuwa nzito?

Chogo29

Kila siku! Mimi nikajua ni uchawi wa mazoea. Kuna wawili ukiwahamishia bapa wanakataa kulipa.

FundiPikseli

Wako sahihi. TV bapa nyingi zinapokea picha ndogo ya PS2, zinaikuza, zinaisafisha, ndipo zinaionyesha. Kazi hiyo inachukua muda, na muda huo ndio uzito wanaousikia. Chogo inapokea na kumwaga hapohapo. Ingia kwenye mipangilio ya TV utafute hali ya gemu, uwashe. Rangi zitapoa kidogo, TV itaacha kujipamba, pedi itaitika. Haitafika chogo lakini wale wawili watalipa.

Ndugu zangu, huyo ni mteja anayekataa picha kubwa na nzuri zaidi kwa sababu ya kuchelewa ambako hawezi hata kukupimia. Msee aje anieleze hiyo nayo ni sizitaki mbichi hizi.

Shangazi_K

Nimewasoma wanaume wote humu. PS, mraba, Adriano. Mleta uzi ameanza na gemu za kuzugia, sasa tumefika kwenye TV bapa.

Mimi nacheza kila siku kuliko nyie na hakuna aliyewahi kuniita mchezaji wa gemu. Candy Crush, ludo, na zile za kutafuta maneno. Vigezo vyangu: konda akisema "shusha" niweze kuzima bila kupoteza kitu. Isile bando. Nicheze kwa mkono mmoja maana mwingine una mtoto. Picha? Ndiyo nazitazama, naomba zisinichoshe macho. Mtaalamu hapo juu amesema kusomeka, angalia Candy Crush, pipi hazitofautiani rangi tu, kila moja ina umbo lake. Hata kioo kikififia naijua ya bluu ni ipi.

Lakini mnaposema "utamu" kana kwamba ni kitu kisafi na grafiki ndiyo tapeli, hapana jamani. Utamu nao unapikwa. Candy Crush inakupa uhai mitano. Ukiumaliza, mmoja unarudi baada ya nusu saa, au ununue, au uwasumbue ndugu Facebook. Ule ugumu wa ghafla wa hatua fulani hauji wenyewe. Kuna mtu amekaa ofisini akapima ni wapi nitakata tamaa na ni wapi nitatoa pesa.

Na matangazo! Unaonyeshwa mtu anavuta pini, maji yanashuka, dhahabu inaangukia huku, unasema hii nitaiweza hata usingizini. Unapakua, unakuta ni ya kupanga vitu vitatu kama zingine zote. Mwaka 2020 mamlaka ya matangazo ya Uingereza ilipiga marufuku matangazo mawili ya aina hiyo, ya Homescapes na Gardenscapes, kwa sababu yalichoonyesha sicho unachokikuta. Angalieni walichodanganya. Hawakuzidisha uzuri wa picha. Walidanganya uchezaji, kwa sababu wanajua sisi ndicho tunachokifuata.

MzeeWaMraba

Shangazi hapa umenibana. Kuanzia leo nikisema utamu nitauliza umepikwa na nani.

BandoLimeisha

Shangazi kanikumbusha yule Mvietnamu, Dong Nguyen, wa Flappy Bird. Ndege mmoja, mabomba ya kijani, unagusa kioo basi. Mwanzoni mwa 2014 iliripotiwa inamwingizia kama dola elfu 50 kwa siku kwa matangazo, na Februari mwaka huo akaiondoa mwenyewe akisema watu wanazidi kunogewa kupita kiasi. Sijaona mtu mwingine anafunga bomba la pesa namna ile. Ndege wake nilimchukia kwa moyo wote na nilikuwa namfungua tena kabla sijamaliza kumtukana.

Kwa upande wa Msee, tuwe wakweli, na wakubwa wenyewe sasa wanatapatapa. Nyaraka za mahakamani Marekani mwaka 2023 zilionyesha The Last of Us Part II ilikula kama dola milioni 220. Kwa pesa hiyo huwezi kubahatisha, lazima utengeneze kitu kinachofanana na kilichouza jana. Na hata hivyo unaweza kupigwa: Concord ya Sony iliingia sokoni 23 Agosti 2024, ikazimwa 6 Septemba. Picha zilikuwa safi kabisa. Upande wa pili Luca Galante alianza Vampire Survivors peke yake, mchezaji anatembea tu na silaha zinajipiga zenyewe, vinyago vya nukta kama vya miaka ya tisini, halafu mwaka 2023 ikachukua tuzo ya gemu bora ya BAFTA ya Uingereza mbele ya magemu makubwa kama Elden Ring na God of War Ragnarök.

Msee_wa_Rongai

Hiyo Elden Ring unayoizika iliuza zaidi ya nakala milioni 20 ndani ya mwaka mmoja, na ni nzuri kuangalia mpaka unasahau unauawa. Mnachagua mifano inayowafaa. Gemu mbovu zenye grafiki mbovu ni maelfu kwenye Play Store, mbona hamzitaji? Unyenyekevu wa picha haumpi mtu akili ya kutengeneza gemu.

Ila hiyo ya Shangazi ya matangazo nimeikubali. Na hiyo ya TV nimeijaribu leo kwangu, hali ya gemu ilikuwa imezimwa tangu ninunue. Fundi, siongei zaidi.

FundiPikseli

Hapo kwenye maelfu uko sahihi na ni kweli huwa hatuyataji. Gemu ndogo iliyodumu ni ile iliyochujwa. Tunakumbuka nyoka, hatukumbuki takataka zote zilizokuwa kwenye simu zilezile.

Ningeongeza kwamba Elden Ring ukiitazama vizuri si bingwa wa wingi wa picha kwa mwaka wake. Inashinda kwa mtindo. Ule mti wa dhahabu unaonekana karibu kila unapokwenda, kwa hiyo hupotei. Kusomeka kulekule, ila kwa bajeti kubwa.

Kijana_wa_Buza

Wakuu mimi simu yangu ramu jibi 2, nataka kucheza mpira wa PSP, ile konsoli ya mkononi ya Sony, kwa PPSSPP, programu ya kuchezea gemu zake kwenye simu, lakini unakwenda kama unavutwa na ng'ombe. Diski ninayo, konsoli yenyewe ndiyo ilikufa. Kuna namna au nikubali matokeo?

FundiPikseli

Ipo. Ingia mipangilio, sehemu ya grafiki, tafuta ukubwa wa uchoraji uweke 1x. Hiyo ni nukta 480 kwa 272, kioo halisi cha PSP, watu wengi wanaacha 2x au 3x bila kujua simu inabeba mara nne au mara tisa ya kazi. Kisha jaribu kubadilisha kati ya Vulkan na OpenGL, njia mbili za simu kuchora picha, simu nyingine inapenda hii, nyingine ile. Kuruka fremu usiwashe kwanza, ni suluhisho la mwisho, maana linakurudisha kwenye uzito uleule wa pedi. Funga WhatsApp na vingine vyote nyuma. Kava la simu livue, joto litoke.

Kijana_wa_Buza

Nimeweka 1x na Vulkan, inatembea. Sura za wachezaji zimekuwa kama zimechorwa kwa mkaa, ila pasi inafika ninapotaka. Sauti ya mashabiki inakatika kidogo kipindi cha pili, nimeizima. @Chogo29 kibanda kiko wapi?

Chogo29

Njoo PM. Na Inter usiniulizie.